Kebo za Kale na Ufundi wa Stima Oyugis

Katika vyuo vya ufundi vya Homa Bay na Migori, kijana anayesomea stima hufundishwa hasa kebo moja: ya shaba iliyovikwa PVC, inayopimwa kwa milimita za mraba. Akianza kazi hukuta mambo mengine. Majengo ya zamani ya eneo hilo yaliwekewa nyaya kwa nyakati tofauti na kwa mikono tofauti, na kila wakati uliacha kebo yake ukutani: za mpira, za risasi, za PVC ya vipimo vya inchi, za PVC ya vipimo vya milimita, na juu ya nguzo za nje, alumini. Historia ya ufundi wa stima katika mji kama Oyugis ni historia ya kebo hizo pamoja na ya watu waliojua namna ya kuzishika.

Oyugis ni mji wa soko wa Kasipul, Rachuonyo, kwenye barabara inayotoka Kisumu kupitia Ahero na Sondu hadi Kisii, kisha Migori na mpaka wa Isebania. Wakati wa ukoloni sehemu hiyo ilikuwa ndani ya wilaya ya Kavirondo Kusini iliyotawaliwa kutoka Kisii. Baadaye Nyanza Kusini, wilaya iliyokuwa na Oyugis ndani yake, ilijitenga na Kisii, na makao yake yakawa Homa Bay. Barabara hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi. Injini za kusagia mahindi, mabati, misumari na vipuri vilishuka kutoka Kisumu, mji wa reli na bandari, na mafundi walishuka navyo.

Umeme wa kampuni ulikuwa kwanza jambo la miji mikubwa. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alichukua mtambo uliokuwa Zanzibar na kuuhamishia Mombasa. Nairobi nayo ilikuwa na kampuni yake, na mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, laini kubwa ilijengwa kutoka Tororo hadi Nairobi ili kuleta umeme wa Uganda. Vijiji vya magharibi mwa Kenya viliziona nyaya hizo zikipita juu kwa miaka mingi kabla hazijavifaa kitu.

Nyanza Kusini ilipata umeme wake wa maji kwa sababu ya madini. Huko Macalder, Nyatike, kulikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu, na katika miaka ya 1950 maporomoko ya Gogo kwenye Mto Kuja yalifungwa mtambo wa kuuhudumia. Uwezo wake ni megawati 2, kidogo mno kwa hesabu za leo. Mgodi ulisimamisha kazi katika miaka ya 1960, lakini mtambo ulibaki na kuingizwa katika gridi ya taifa. Kwa hiyo stima ya kwanza ya maji katika eneo hilo ilitengenezwa ili kuchimba shaba, madini yale yale ambayo nyaya hutengenezwa kwayo, na wanakijiji wa karibu waliendelea kuwasha taa za mafuta.

Kwingineko stima ilikuwa ya injini. Viwanda vya kuchambulia pamba vya Homa Bay na Kendu Bay, hospitali za misheni, shule za bweni na maduka machache ya Wahindi vyote vilijitegemea. Hospitali ya Waadventista ya Kendu, iliyoanzishwa mwaka 1925 karibu na misheni ya Gendia, ni mfano wa taasisi za aina hiyo, zilizokuwa mbali na laini yoyote ya kampuni. Injini iliwashwa jioni na kuzimwa usiku, na aliyeitunza alikuwa fundi wa kila kitu: pampu, mashine ya kusaga, taa. Mahali pa namna hiyo ndipo kebo za kwanza zilipoingia ukutani.

Kebo hizo zilikuwa za mpira. Nyuzi za shaba zilivikwa mpira uliopikwa kwa salfa, kisha utepe na msuko wa pamba uliolowekwa lami au nta. Zilivutwa ndani ya bomba la chuma, au katika mifereji ya mbao yenye kifuniko. Aina nyingine ilikuwa na ganda zito la mpira juu ya nyaya zote, nayo ilipigiliwa moja kwa moja juu ya mbao kwa vibanio. Salfa iliyomo ndani ya mpira hushambulia shaba, kwa hiyo watengenezaji waliipaka shaba bati kabla ya kuivika. Jambo hili dogo limewapotosha mafundi wengi wa siku hizi. Kijana akikata waya na kuona nyuzi nyeupe hudhani ni alumini, akachagua kiungio kisichofaa au akauhukumu mzunguko wote kuwa hauna nguvu. Mzee aliyefundishwa vyema hukwaruza uzi mmoja kwa kisu, na chini ya weupe ule wekundu wa shaba hujitokeza.

Ubaya wa mpira ni kwamba hukauka. Watu wa kazi waliuhesabia miaka 25 au 30 katika hali nzuri, na chini ya mabati ya Nyanza hali si nzuri. Mchana darini huwa joto kali, na penye holda ya taa joto la balbu huongezeka juu yake. Mpira hugeuka mgumu, kisha hupasuka, lakini usipoguswa huendelea kukaa mahali pake na kuonekana mzima. Taa huwaka miaka na miaka. Hatari huanza siku fundi anapofungua holda ili aibadilishe: waya ukipindwa tu, ganda hupukutika na shaba hubaki wazi ndani ya bomba la chuma. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa na adabu yao. Hawakuvuta waya wa mpira uliozeeka, hawakuukunja, na walipolazimika kuugusa waliuvika mrija wa kuhami hadi mahali ambapo mpira bado ulikuwa laini. Kama ulaini haukupatikana, walimwambia mwenye nyumba ukweli kwamba mzunguko huo ubadilishwe wote.

Kebo za risasi zilidai akili ya aina nyingine. Ndani zilikuwa na mpira, na katika kebo kubwa za chini ya ardhi, karatasi iliyoloweshwa mafuta. Nje zilivikwa ganda la risasi kuzuia maji. Katika nyaya za nyumbani ganda hilo lilikuwa na kazi ya pili ambayo haikuonekana: ndilo lililokuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Kila kiungo na kila kisanduku kilikuwa na kibano cha kuunganisha risasi na risasi. Fundi asiyejua hukata kipande kilichoharibika, akaweka PVC ya nyaya mbili katikati, akawasha taa na kulipwa. Taa inawaka, lakini swichi na vyuma vyote vilivyo mbele ya kipande hicho vimepoteza ardhi, wala hakuna dalili mpaka siku mtu atakapopigwa na stima. Makosa mengi ya ufundi huonekana mara moja. Hili hukaa kimya.

Ufundi wa juu kabisa katika ukoo huu ulikuwa ule wa kuunganisha kebo za karatasi na risasi. Karatasi hunywa unyevu upesi, kwa hiyo kabla ya kufunga kiungo fundi alichomoa ukanda mdogo na kuutumbukiza katika nta ya moto. Ukitoa mapovu, kebo ilikuwa imeingiwa na maji na ilibidi ikatwe tena. Kisha mrija wa risasi ulifungwa kwa risasi laini iliyoyeyushwa na kupanguswa kwa kitambaa kilichopakwa shahamu, mpaka ikawa mviringo usio na tundu. Hii ilikuwa kazi ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Oyugis, mji wa nguzo na nyaya za juu, uliijua kwa kusikia zaidi kuliko kwa kuona. Kebo zenye plastiki ngumu na viungo vinavyosinyaa kwa joto zilipoenea, kazi ya kupangusa risasi ilififia kila mahali, na hakuna anayeililia sana, kwa maana moshi wa risasi si rafiki wa mapafu.

PVC ilianza kuchukua nafasi ya mpira katika miaka ya 1950. Haikauki haraka, haihitaji bati juu ya shaba, na rangi yake ni sehemu ya ganda lenyewe. Kampuni ya East African Cables ilianzishwa katika miaka ya 1960, na tangu hapo kebo nyingi za nyumba za Kenya zilitengenezwa Nairobi. Hata hivyo PVC ya kwanza ilipimwa kwa mtindo wa Kiingereza: idadi ya nyuzi, kisha unene wa kila uzi kwa inchi. Kebo ya taa ilikuwa 3/.029, yaani nyuzi tatu zenye unene wa inchi 0.029. Ya soketi ilikuwa 7/.029, na ya jiko 7/.044. Uingereza ilipohamia milimita mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Kenya iliufuata mkondo huo, na dukani zikaja 1.5, 2.5 na 6.

Vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa. 3/.029 ni karibu milimita za mraba 1.3, na 7/.029 ni karibu 3. Anayebadilisha kipande cha 7/.029 kwa 2.5 ameweka waya mwembamba kuliko wa awali, na huenda fyuzi ikabaki ile ile ya zamani. Kwa mzigo wa redio na taa hakuna tatizo. Kwa birika, pasi na kinyozi mwenye mashine nne, tofauti hiyo huanza kuwa moto kwenye kiungo. PVC ya miaka ya 1960 na 1970 ina ugonjwa wake pia: katika baadhi ya kebo, kilainishi kilichochanganywa katika plastiki hutoka taratibu, hukutana na shaba na kuwa ute wa kijani unaotiririka hadi kwenye soketi. Wengi huudhani ni uchafu wa maji. Hupatikana zaidi ukutani penye joto, na kisanduku cha soketi kilichofunguliwa kikiwa na ute huo huwa na nyaya zinazofaa kuchunguzwa zote.

Juu ya hayo yote liko jambo la rangi. Kwa desturi ya Kiingereza waya wenye moto ulikuwa mwekundu, wa kurudi mweusi, wa ardhi kijani, na katika umeme wa fezi tatu rangi zilikuwa nyekundu, manjano na buluu. Ulaya ilipokubaliana rangi mpya, nyaya laini za vyombo zilibadilika mapema: kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya manjano kwa ardhi. Nyaya za ukutani za Uingereza zilifuata mwaka 2004, na rangi za zamani zikakoma rasmi huko mwaka 2006. Katika maduka ya Kenya mitindo yote miwili iliendelea kuuzwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba buluu katika jengo moja inaweza kuwa waya wa kurudi na katika jengo jingine ikawa moto wa volti 240. Mweusi vivyo hivyo. Fundi wa kale hakuamini rangi hata kabla ya mvurugano huu. Aliamini testa, na baada ya testa, taa ya kujaribia.

Watu walioleta maarifa haya Nyanza walikuwa kwa sehemu kubwa mafundi wa Kihindi, wakiwemo Masingasinga ambao baba zao walifika na reli. Makandarasi wa Kisumu walichukua kazi za shule, hospitali na maduka katika miji midogo, wakaja na wasaidizi Waafrika. Msaidizi alianza kwa kubeba ngazi na kuchimba ukuta kwa patasi, akapanda hadi kuvuta waya ndani ya bomba, na baada ya muda mrefu akaruhusiwa kufunga kiungo. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Aliona, akakemewa, akarudia. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo maalumu ya miji, na Wahindi wengi wakahamia Nairobi au Uingereza. Wasaidizi wa jana wakabaki na kazi, na baadhi yao wakawa mafundi wakuu wa Nyanza Kusini.

Mafunzo rasmi yalijengeka kando ya njia hiyo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilikuwapo tangu 1959, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Baraza la Kikristo la Kenya lilianzisha vyuo vya ufundi vya vijijini kwa vijana waliokosa nafasi za sekondari. Mtihani wa ufundi ulikuwa wa madaraja matatu, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na kwa fundi wa mitaani karatasi hiyo ilikuwa na uzito kuliko cheti cha shule. Rachuonyo ilipata chuo chake cha ufundi huko Mawego. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ulipeleka masomo ya mikono katika shule nyingi zisizokuwa na karakana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengi yao yalipunguzwa. Katika mitaala hii yote, kebo za zamani zilipewa nafasi ndogo. Ilidhaniwa kwamba vijana watazijua kazini, na kwa muda dhana hiyo ilikuwa sahihi.

Ilikoma kuwa sahihi kwa sababu ya mafanikio. Mpango wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1973, ukaenda polepole sana kwa miongo mitatu. Sheria ya Kawi ya 2006 iliunda mamlaka ya kazi hiyo, na masoko, zahanati na sekondari zikaunganishwa kwa kasi mpya. Shule za msingi zikafuata. Mtambo wa Sondu-Miriu wa megawati 60 ulianza kuzalisha mwishoni mwa muongo huo, umbali mfupi kutoka Oyugis, na ule wa Sang'oro wa megawati 21 ukafuata chini yake. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Last Mile: nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma ziliunganishwa kwa shilingi 15,000, badala ya 35,000 za awali. Katika muda wa miaka michache boma nyingi za Kasipul na Kabondo, ambazo hazikuwa na waya wowote, zilipata mita ya tokeni.

Nyingi zilipata pia kibao kidogo kilichokwisha kufungwa kiwandani, chenye swichi kuu, soketi na holda ya taa. Kilipigiliwa ukutani na kazi ikaisha. Kwa nyumba ya udongo na mabati kilikuwa jibu la busara, kwa sababu kuiwekea nyaya kamili kungegharimu kuliko kuunganishwa kwenyewe. Kwa ufundi kilikuwa kisu. Hatua ambayo msaidizi wa zamani alijifunzia, yaani nyumba nzima kutoka mita hadi taa ya mwisho, ilirukwa. Kazi iliyobaki kwa fundi wa kijijini ni kuvuta waya kutoka kibaoni kwenda chumba cha pili au kwenye banda la kuku, mara nyingi kwa waya mwembamba kuliko unaofaa. Upande wa pili wa kazi uko mjini, katika nyumba za kupangisha na majengo ya ghorofa yanayojengwa kando ya barabara kuu: mabomba ya plastiki, kebo mpya, vikata umeme vya kisasa. Huko kazi ni nyingi na fundi hujifunza mengi, ila hakuna siku atakayokutana na mpira wala risasi.

Lalamiko la wazee kwamba vijana ni wavivu halina msingi mkubwa. Kijana wa leo anaijua mita ya tokeni, taa za LED, paneli za jua na betri, mambo ambayo mwalimu wake hakuyagusa. Kilichopungua ni kazi iliyokuwa shule. Jengo la zamani likiharibika, mwenyewe huona nafuu kung'oa kila kitu na kuanza upya, na shaba iliyotoka ukutani huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Biashara hiyo ilipigwa marufuku Januari 2022 baada ya nguzo kubwa za umeme kuharibiwa, na ikaruhusiwa tena miezi michache baadaye kwa masharti. Kung'oa si kosa. Mara nyingi ndiyo dawa. Kosa ni kung'oa nusu, kuunganisha PVC mpya na mpira uliokauka ndani ya kisanduku kimoja, kisha kupiga plasta juu yake.

Nje ya nyumba mabadiliko ni hayo hayo. Laini za shaba tupu zilizotandazwa nne juu ya vikombe vya kauri zimeachia nafasi alumini, na sasa kebo za alumini zilizovikwa na kusokotwa pamoja. Alumini ni nyepesi na wezi hawaipendi sana kama shaba. Lakini ikifungwa uso kwa uso na shaba, na mvua ya eneo la ziwa ikaingia, huliwa na kutu mpaka kiungo kinaanza kuchoma. Kuna vibano maalumu vya metali hizo mbili. Fundi asiyekuwa navyo husokota kwa plaisi na kufunga tepu, na taa za jirani watatu huanza kufifia jioni bila sababu inayoonekana. Radi, ambazo nyanda za juu za Kisii na pwani ya ziwa huzipata kwa wingi usio wa kawaida, humalizia kiungo cha namna hiyo mapema.

Kanuni za kazi ya kuweka umeme zilizotolewa mwaka 2006 zinamtaka anayefanya kazi hiyo awe na leseni, kuanzia daraja la C2 la nyumba ndogo hadi A1, na tangu 2019 leseni hizo zinatolewa na EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na petroli. Kipimo muhimu zaidi kwa kebo ya zamani ni cha kihami: mzunguko huzimwa, vyombo vyote huchomolewa, kisha volti 500 hupitishwa kati ya nyaya na ardhi. Kebo nzima hutoa megaomu nyingi. Ikishuka chini ya megaomu 1 haifai kurudishiwa stima. Kifaa cha kupimia hakijali kama kebo ni ya mpira, ya risasi au ya PVC, wala fundi aliyesoma juzi hahitaji kumbukumbu ya mzee ili akitumie. Mwenye duka, shule au nyumba iliyowekewa nyaya kabla ya miaka ya 1970 asipake rangi wala kupiga plasta kabla ya kipimo hicho kufanywa na fundi mwenye leseni, na majibu ayadai kwa maandishi, mzunguko kwa mzunguko.